Deni la Mteremko

Juu kabisa ya mlima, pale miguu inapoacha kukaza pedeli na magurudumu yakaanza kujiendea, kuna kitambo kifupi cha kimya. Mnyororo umetulia. Kifua bado kinapanda na kushuka, jasho bado linachuruzika, lakini ardhi imegeuza nia: ile iliyokuwa ikivuta nyuma sasa inasukuma mbele. Kila aliyewahi kusafiri kwa baiskeli katika nchi ya milima anakijua kitambo hicho, na wengi wanakiita uhuru. Nadhani jina hilo si lake. Mteremko ni mali iliyokwisha kulipiwa, na bei yake inahesabika. Mtu na baiskeli na mizigo yake wakitimia kilo 100, kuwapandisha mita 1,000 kunadai karibu kilojuli 1,000 za kazi tupu. Na kwa kuwa mwili hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa nguvu ya miguu, na iliyobaki ikapotea kwa joto, mlima huo unameza nguvu iliyomo ndani ya robo kilo ya unga wa mahindi. Basi kabla ya mteremko kulikuwa na sahani. Kabla ya sahani kulikuwa na mashine ya kusaga, na kabla ya mashine kulikuwa na jembe, na mtu aliyeinama na jembe hilo, pengine katika ubavu wa mlima huohuo ambao msafiri sasa anaushuka upepo ukimpuliza usoni. Safari ndefu ya baiskeli katika nchi ya milima na maziwa husifiwa kuwa shule ya kujitegemea. Mimi naiona kuwa shule ya kudaiwa, na nadhani uzuri wake wote umo humo.

Chukua ufuko wa mashariki wa ziwa Kivu, upande wa Rwanda. Pana njia pale ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, iliyopewa jina la Congo Nile Trail, inayoanzia Rubavu kaskazini, ikapitia Karongi na kuishia Rusizi kusini. Kwa mwendo wa ndege arukaye, mwanzo na mwisho wake haviachani hata kilomita 100. Njia yenyewe ina kilomita 227. Hizo zaidi zimetoka wapi? Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba mlango, maji yakajaa na kupanda juu ya mabonde ya mito, hata yakajipatia tundu kusini, ndilo mto Ruzizi wa leo, unaoporomoka takriban mita 700 kulifikia ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ukingo wa Kivu haukunyooka. Ni vidole vya milima vilivyochovywa majini, ghuba baada ya ghuba, rasi baada ya rasi, na njia haina budi kuingia kila ghuba na kutoka, kushuka hadi kijitoni na kupanda tena upande wa pili. Kila kona inayomchosha msafiri ilichorwa na moto uliowaka kabla hapajakuwa na njia. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, mgongo wa milima inayotenganisha bonde la Kongo na bonde la Nile unapita mita 2,500, na katikati ya vimo hivyo viwili wanaishi watu, wakilima chai huko Gisovu, kahawa huko Nyamasheke, na maharage na mihogo kila mahali, juu ya matuta waliyoyachimba kwa mkono.

Katika nchi ya namna hii kilomita ni kipimo dhaifu. Kilomita 30 zaweza kuwa asubuhi moja au mchana kutwa, na ramani, iliyolazwa bapa mezani, haiwezi kukuambia ni ipi. Gari nalo halikuambii, kwa sababu injini humficha abiria kimo cha mlima kama vile pazia linavyoficha jua. Baiskeli ndiyo inayosema kweli, na inasema ukweli usiopendeza. Ivan Illich aliandika katika miaka ya 1970 kwamba mtu juu ya baiskeli huenda kasi mara tatu au nne kuliko mwenye kutembea, huku akitumia moja ya tano tu ya nguvu. Akaona katika chombo hicho kifaa kinachomkuza binadamu bila kumnyang'anya jirani yake kitu. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila ni hesabu ya tambarare. Mwinuko ukizidi, faida ya gurudumu huyeyuka kidogo kidogo, mpaka inafika mahali baiskeli haikubebi tena, wewe ndiye unayeikokota. Hapo ndipo mlima unapomvua msafiri majivuno yake ya kuwa na chombo na kumwacha na alichonacho mtu yeyote: mapafu, kiu, na haja ya mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlimani methali hiyo hugeuka kichwa chini, maana anayepona kwa maji na ndizi za kuchoma ni mgeni.

Lakini hao wenyeji si watoaji wa maji tu wanaomngojea msafiri kando ya njia. Wao ndio waendesha baiskeli wa kwanza wa milima ile. Nchini Burundi, barabara kuu namba 1 hupanda kutoka Bujumbura, mji ulio chini ya mita 800, hadi Bugarama, juu ya mita 2,000. Vijana huishuka na mikungu ya ndizi mbichi iliyofungwa pande zote za baiskeli, mzigo wenye uzito kuliko mchukuzi mwenyewe, na wakati wa kurudi hujishikiza kwa mkono mmoja nyuma ya malori ili wapandishwe. Ni kazi inayoua. Breki za mpira zikichakaa, au kamba ikikatika kwenye kona, hakuna kinachomzuia mtu na bonde. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: kwa msafiri wa mapumziko mteremko ni zawadi, kwa mchukuzi wa ndizi ndio sehemu ya kazi inayohitaji moyo. Na kule Goma, kaskazini mwa ziwa, kuna chombo kinachoieleza habari hii kwa uwazi mkubwa zaidi. Chukudu imechongwa kwa mbao, ina magurudumu mawili, haina pedeli wala mnyororo. Injini yake ni mteremko. Hutoka vijiji vya juu kama Kibumba na viazi, kabichi, kuni na makaa, ikateleza hadi sokoni, kisha mwenyewe huisukuma kilomita zote zile kurudi nyumbani. Goma imemjengea mwendesha chukudu sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Miji mingi huwasimamishia sanamu majenerali. Mji huu umemsimamishia mtu anayewaletea watu chakula.

Hapa linakuja pingamizi zito, na halifai kupitwa haraka. Litasema: kama baiskeli ya mlimani ni jasho la maskini, je, mgeni anayekuja na baiskeli ya gia ishirini na mikoba isiyopitisha maji hafanyi mchezo wa umaskini wa wenzake? Anachagua taabu kwa wiki tatu, halafu anaondoka. Mwenzake hakuchagua na haondoki. Nakubali sehemu kubwa ya shutuma hiyo. Tofauti kati ya aliyechagua kilima na aliyezaliwa juu yake haifutiki kwa kutokwa jasho pamoja. Lakini shutuma hiyo inamwangukia yule anayeona safari yake kuwa ushindi wake. Anayejua kwamba anadaiwa hana ushindi wa kutangaza. Tena kuna jambo ambalo miguu peke yake ndiyo inayoweza kumfundisha mtu, nalo ni ukubwa wa kazi ya mwingine. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Siku ya mwisho wanaume walikwenda zaidi ya kilomita 260 na kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000. Tadej Pogačar akashinda, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Dunia iliona vilima vya Rwanda vikiwaangusha wanariadha wenye madaktari, wapishi na baiskeli nyepesi kuliko zote. Asubuhi iliyofuata, na kila asubuhi kabla yake, katika mikoa ya nchi hiyohiyo, abanyonzi, yaani waendesha baiskeli za kukodi, walipakia abiria na magunia kwenye karia zao za chuma wakapanda. Mtu aliyewahi kukokota kilo 30 kwenye mlima hawezi tena kumtazama umunyonzi kama sehemu ya mandhari. Anamtazama kama fundi wa kazi ngumu, na huo ni mwanzo wa haki, ingawa si haki yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mwendo wa polepole haumhakikishii mtu kuona. Ni kweli. Mtu aweza kupita nchi tatu ameinamisha kichwa, akihesabu kilomita na mapigo ya moyo, asijue hata majina ya mito aliyoivuka. Polepole ni mlango tu, na mlango hauingii ndani kwa niaba ya mtu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mlango na ukuta. Kazimierz Nowak, Mpolandi, alizunguka Afrika kati ya 1931 na 1936 kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi, takriban kilomita 40,000, kwa baiskeli, na kwingine kwa miguu, kwa mnyama au kwa mtumbwi. Alisafiri peke yake, kwa hiyo mara nyingi alilala alipokaribishwa na kula alichopewa. Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland, mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka kama 60, alitoka Kenya kwa baiskeli hadi Zimbabwe, akipitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Alitaka kupumzika na masumbuko yake. Njiani watu wakamwambia lililokuwa likiwakeketa maini, na kitabu alichokiandika kikabeba neno lao: The Ukimwi Road. Tazama hapo kilichotokea. Mwenye gari huamua atazungumza na nani na kuhusu nini. Mwenye baiskeli, akishuka kuomba maji, hakuchagua mazungumzo. Anayapokea kama anavyoyapokea maji. Yule mama hakupanga kuandika kuhusu ugonjwa. Barabara ndiyo iliyompangia, kwa sababu hakuwa na kioo cha kupandisha kati yake na waliosimama kando.

Deni lina matabaka, na mengine yamezikwa ndani ya chombo chenyewe. Kati ya 1887 na 1888 mjini Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Katika miaka ya 1890 Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, na mpira ukatafutwa kama dhahabu. Sehemu kubwa ilitoka Amazoni. Sehemu nyingine ilitoka katika misitu ya bonde la Kongo, magharibi ya milima hii, nchi iliyokuwa milki binafsi ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Waliopungukiwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa rehani, mikono ya watu ilikatwa. Kwa hiyo ule ulaini unaosifiwa, wa gurudumu kupita juu ya kokoto bila kuuvunja mgongo wa mpandaji, uliingia duniani ukiwa na damu. Sisemi kwamba kila anayeziba pancha leo ana hatia ya Leopold. Mpira wa leo hauna njia hiyo. Nasema kwamba chombo hiki kinachoitwa safi, kisichotoa moshi wala kelele, nacho kina historia, na kwamba anayeendesha kuelekea magharibi, jua likizama juu ya milima ya Kongo, anaitazama nchi iliyolipia starehe ya babu za waendesha baiskeli wote.

Na vilima vyenyewe vinakumbuka. Juu ya ziwa, katika wilaya ya Karongi, ipo Bisesero. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, maelfu na maelfu ya Watutsi walikimbilia vilele vile, wakajihami kwa mawe na fimbo dhidi ya watu wenye bunduki, wiki baada ya wiki, wakikimbia juu na chini ya miteremko ambayo leo kwenye picha huitwa ya kupendeza. Wengi wao waliuawa. Ukumbusho wao ni mmoja wa minne ya Rwanda iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia. Sijui neno linalofaa kwa msafiri anayepanda barabara ile akihema, akifikiri juu ya gia zake, kisha akajua kwamba mwinuko uliomtoa pumzi uliwahi kuwa ngome ya mwisho ya watu. Pengine hakuna neno, na kukaa kimya na kukanyaga taratibu ndiyo heshima iliyobaki. Ng'ambo ya mpaka, kwenye ziwa hilohilo, Januari 2025, waasi wa kundi la M23 waliuteka mji wa Goma, na familia zikabeba magodoro na sufuria kwenye baiskeli na chukudu kukimbia. Maji ni mamoja. Tone linalodondoka Rubavu na linalodondoka Goma hukutana Kivu, huteremka pamoja na Ruzizi hadi Tanganyika, hutoka pamoja kwa Lukuga kuufuata mto Kongo hadi Atlantiki. Lakini magurudumu yaleyale mawili kwenye ufuko mmoja ni matembezi, na kwenye ufuko wa pili ni kuokoa roho. Milima haikutani, binadamu hukutana, tunasema. Hapa ni mpaka na vita vinavyoamua ni nani atakayekutana na nani. Uhuru wa msafiri unategemea pasipoti iliyomo mfukoni na amani ambayo hakuijenga yeye.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo kwangu ndilo la haki kuliko yote. Barabara ya lami sasa inaunganisha Rusizi, Karongi na Rubavu, na yapo maombolezo miongoni mwa wapenda baiskeli kwamba lami imeua njia ya kale. Nawapinga. Mama anayejifungua usiku katika kijiji cha mlimani hahitaji upole wa kokoto. Anahitaji gari la wagonjwa lifike kabla ya alfajiri. Mkulima wa kahawa anahitaji lori. Kuiombea nchi ya watu wengine ibaki bila barabara ili sisi tuifurahie ni kuongeza deni juu ya deni. Lami na ije. Neno langu ni kwa wanaoichora: wasisahau nani alikuwa wa kwanza kuitumia njia. Barabara nyingi za mlimani katika nchi zetu hujengwa kwa upana wa malori mawili tu, na upande mmoja mtaro wa zege, upande mwingine korongo, hata mchukuzi mwenye ndizi hana pa kukimbilia anaposikia honi nyuma yake. Ukingo wa mita moja na nusu, uliosakafiwa vizuri na kuachwa wazi, ungeokoa watu kuliko mabango mengi ya kuonya.

Dawa ya deni ni kulipa, na msafiri ana njia zake ndogo za kulipa. Anunue chakula kwenye kibanda cha juu ya mlima, si kukibeba kwenye pakiti kutoka ng'ambo. Amwachie fundi wa kijijini kazi ya kuziba pancha, hata kama ana solusheni na viraka vyake mwenyewe, na alipe bila kulalia bei. Akirudi kwao asiseme alizishinda nchi. Aseme aliwakuta nani na wanaishije. Nawe, kama siku moja utaipita milima ile, utakutana na mtu akikokota baiskeli yenye mikungu sita, ameiinamia, macho chini, upande uleule wa barabara unaoushuka wewe kwa kasi. Shika breki. Mpishe. Yeye ndiye mwenye mzigo.